Boriti, karafuu na behewa bapa: jibu kwa msomaji wa Wete

Swali: "Assalamu alaykum, mzee wangu. Mimi nipo Wete. Mjomba wangu baharia kaniletea kutoka Marekani seti ya treni ndogo ya HO: injini moja na mabehewa bapa matatu, yale yasiyo na kuta, ya futi 50. Kwa kuwa nataka iwe treni ya Pemba, behewa la mbele nimelitilia ukingo wa kadibodi nikalimiminia karafuu kavu. Wiki ya tatu sasa, sakafu yake inanata, na watoto wa nyumbani wananiambia linaonekana kama sahani ya viungo. Mabehewa mengine yakiwa matupu yanaanguka kwenye kona. Nililifunga jiwe behewa la mwisho ili litulie, la kati ndiyo likazidi kuanguka. Kwenye mizani ya sonara kila behewa tupu lina gramu 58. Nataka mzigo wa kwetu, karafuu au boriti, uonekane wa kweli. Nianzie wapi? Na niugandishe kabisa au niuache wa kutoka?"

Waalaykum salaam, mwanangu. Kwanza zitoe karafuu hizo leo, usingoje kesho. Mafuta ya karafuu yanalainisha polistirini, plastiki ambayo mabehewa mengi ya HO yametengenezwa nayo, na yanalainisha na rangi pia. Karafuu kavu ina mafuta mengi, na kwa joto letu hutoka yenyewe kidogo kidogo. Kunata huko ni ngozi ya behewa iliyoanza kulegea. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ulisugue polepole kwa mswaki mkuukuu, kisha liweke kivulini penye upepo siku kadhaa, mpaka ukilibonyeza kwa ukucha lisiache alama. Usiliguse kwa tina wala petroli. Hizo zitamalizia kazi iliyoanzwa na karafuu.

Na hata zisingedhuru, karafuu nzima haifai. HO ni kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Karafuu ya milimita 15 ukiizidisha mara 87 unapata mita 1.3, kimo cha mtoto wa skuli wa miaka minane. Wale watoto wako hawakupiga hesabu, lakini macho yao yaliiona. Ndiyo maana wakasema sahani ya viungo.

Sasa nikueleze jambo ambalo nikilisema utaona mengine yote yanalifuata. Kabla sijaanza kuunda treni ndogo nilikaa miaka mingi bandarini Malindi, Unguja, nikihesabu mizigo inayopanda na kushuka majahazini. Palikuwa na nahodha mmoja, mtu mzima, akileta boriti. Alikuwa akisema mzigo una miguu. Kabla ya kutweka tanga alilizunguka kila tita na kuliuliza maswali manne kwa sauti, makuli wakimsikia: utakwenda mbele, nani atakuzuia? Utarudi nyuma, nani atakuzuia? Ukitaka kwenda ubavuni je? Na chombo kikiruka, wewe utabaki chini kwa kushikwa na nini? Tita lililokosa jibu moja lilifunguliwa likafungwa upya, hata kama jua linazama.

Treni haina tofauti. Injini ikivuta ghafla mzigo hutaka kubaki nyuma, breki zikikamata hutaka kwenda mbele, mabehewa yakigongana wakati wa kuunganishwa huruka. Kule Marekani jumuiya ya mashirika ya reli, AAR, ina kanuni nzima za kupakia mabehewa ya wazi: vigingi vingapi, waya wa namna gani, kabari ziwekwe wapi. Behewa bapa ndilo behewa pekee ambalo mtazamaji anaona kila kitu kilichofanywa na mpakiaji. Kwa hiyo kazi yako si kuunda boriti tu. Ni kuonyesha mikono ya watu waliozipakia. Mzigo ukionyesha vigingi, kamba, kabari na vibao vya kulalia, macho yanaamini uzito wake hata kama ndani mna kadibodi. Mzigo uliobandikwa tu juu ya sakafu, hata uchongwe vizuri namna gani, utabaki kichezeo.

Ushauri wangu ni uanze na boriti, karafuu zifuate. Sababu ni kwamba boriti za kipimo chako zimesimama nyuma ya mlango wako: ufagio wa chelewa.

Utazame ujukuti mmoja kwa makini. Shinani una unene wa milimita mbili au zaidi kidogo, nchani haufiki nusu milimita. Wauzaji wa miti ya mikoko wanaigawa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ya kawaida ina unene wa sentimita 13 hivi. Gawa kwa 87, unapata milimita moja na nusu, nayo iko katikati ya ujukuti. Shinani una nguzo, kuelekea nchani una pau na fito. Mnazi umekufanyia hesabu yote. Juu yake una mafundo madogo na kupinda kidogo kama mkoko wenyewe unavyopinda, kitu ambacho kijiti cha meno hakina. Nimewaona watu wakiagiza vijiti vya mviringo kutoka ng'ambo kwa fedha nyingi, nao wanafagia ua kwa bora kuliko hivyo.

Chukua ufagio mkuukuu uliokwisha kauka. Zichemshe njukuti dakika kumi, uzianike juani mpaka zikauke kabisa. Usiruke hatua hii, kwani dumuzi akiwemo ndani utaona unga mweupe chini ya behewa miezi sita baadaye, na mzigo wako umekuwa mapango. Kisha kata vipande vya milimita 36. Hiyo ni mita tatu na kidogo, urefu wa boriti za nyumba zetu za zamani. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti haikwenda mbali zaidi ya hapo. Kata kwa wembe mkali ukiuzungusha ujukuti chini ya wembe, usiubonyeze tu, maana ukibonyeza ncha inapasuka na kuchanua kama msuaki.

Sakafu ya behewa lako ina urefu wa milimita 175. Panga matita manne, kila moja milimita 36, na nafasi ya milimita sita baina yao. Milimita zinazobaki zigawe sawa mbele na nyuma. Usijaze tita kwa njukuti tupu, utamaliza mafagio ya mtaa mzima. Tengeneza kiini cha mbao nyepesi chenye upana wa milimita 25, kimo cha 15 na urefu wa 30, ukipake rangi nyeusi, kisha kifunike kwa njukuti ubavuni na juu. Ncha ndizo zinazowashinda wengi, maana ncha za tita lazima zionyeshe vichwa vya miti, mamia. Nakupa njia yangu. Kamata konzi ya njukuti, uifunge kwa uzi, uitie gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji mpaka inywe katikati. Ikikauka ikate kwa msumeno mwembamba vipande vya milimita tatu, kama unavyokata ndizi ya kukaanga. Kila kipande ni ukuta wa vichwa vya boriti. Bandika kimoja kila upande wa kiini, na ukichonge kidogo kingo zake ili zisiwe mraba kamili.

Unapopanga zile za juu, geuza shina na ncha: moja shina lielekee mbele, ya pili lielekee nyuma. Wapakiaji hufanya hivyo kwa sababu mti ni mnene upande mmoja. Ukipanga mashina yote upande mmoja, tita linainama na kuteleza. Ni jambo dogo, lakini mtu aliyewahi kubeba boriti ataliona papo hapo. Acha mbili tatu zitokeze milimita moja zaidi ya wenzake, na moja iwe imepinda khasa.

Rangi usiihangaikie sana. Magome ya mkoko ni kijivu cha udongo, mti ukikatwa ndani huonekana mwekundu. Vichwa vipake chai ya rangi iliyokolea sana, mara mbili au tatu, na ya mwisho uitie tone la rangi nyekundu ya maji. Ubavuni pitisha unga wa mkaa kwa brashi kavu. Mwisho pulizia vanishi isiyong'aa. Mng'ao unaharibu kipimo kuliko kosa lolote la hesabu.

Sasa ule mjadala wa nahodha. Boriti hazilali juu ya sakafu. Chini ya kila tita weka vibao viwili vya kulalia, milimita moja na nusu kwenda juu, ili kamba ya kreni ipite chini yake wakati wa kushusha. Mwanga unaopita hapo chini ndio unaolipa tita uzito. Ubavuni simamisha vigingi, viwili kila upande wa kila tita, karibu na ncha zake. Pembeni mwa behewa lako utaona vimifuko vidogo. Hivyo ndivyo vya kusimamishia vigingi. Vingi katika seti za bei nafuu vimezibwa na plastiki, vitoboe taratibu kwa sindano ya kuchomea iliyopashwa moto kidogo au kwa kekee ya mkono. Kigingi kiwe cha mraba, milimita 1.2 hivi. Kijiti cha mshikaki ukikipasua mara nne na kukisugua kwa msasa kinatosha.

Vigingi vya kushoto na kulia vinavyokabiliana vifungwe kwa waya juu ya mzigo, ili boriti zikisukuma upande mmoja, ule mwingine uvute. Waya mzuri kuliko wote uko kwa fundi wa mota: ana kilo za waya wa shaba wa koili uliotoka kwenye mota zilizoungua, anaotupa au anaouza kwa uzito. Omba ule mwembamba kama unywele, milimita 0.1. Kwa kipimo chako huo ni waya wa milimita tisa, ndio hasa unaofungia mizigo. Zungusha mara mbili kwenye kigingi, pitisha upande wa pili, rudi, kisha katikati tia kijiti usokote kama mtu anayekaza kitanda cha kamba. Kijiti hicho kiache hapo hapo. Makuli hufanya hivyo kweli, na watu wakikiona wanainama kutazama. Shaba ipake wino mweusi wa kalamu isiyofutika, uifute kabla haijakauka vizuri.

Hayo ndiyo majibu ya maswali mawili ya nahodha: vigingi vinazuia ubavuni, waya unazuia kuruka na kuzibana boriti zisisogee. Mbele na nyuma ongeza kabari mbili kila mwisho wa behewa, zikiegemea ubao uliopigiliwa sakafuni. Vichwa vya misumari vitie kwa ncha ya pini, vitobo tu, usivichore.

Nije kwenye kuanguka, kwa sababu mzigo mzuri ulioanguka relini hauna faida.

Mabehewa yako ni mepesi mno. Chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za modeli, NMRA, kina kipimo kinachotumiwa na wengi: kwa HO, wakia moja ya mwanzo na nusu wakia kwa kila inchi ya urefu wa behewa. Kwa gramu ni 28 na kidogo, ukaongeza 14 kwa kila inchi. Behewa la milimita 175 ni inchi 6.9, basi uzito wake uwe gramu 126 hivi. Lako lina 58. Hata nusu halifiki.

Na lile jiwe lilizidisha balaa kwa sababu inayoeleweka. Kamba iliyolazwa kwa kuzunguka ukiivuta pande mbili hutaka kunyooka. Injini inavuta mbele, jiwe linavuta nyuma, treni iliyo kwenye kona inataka kunyooka, na behewa jepesi la katikati ndilo linalotolewa relini kuelekea ndani ya kona. Kwa hiyo usilitibu behewa moja peke yake. Yote matatu yawe na uzito unaokaribiana, na likiwepo zito kuliko wenzake, liwe la kwanza nyuma ya injini.

Kwa kuwa utataka mabehewa yaende na mzigo na yarudi matupu, uzito mwingi uufiche chini ya sakafu, siyo ndani ya mzigo. Gramu 40 chini, na zinazobaki ziwe za boriti zenyewe na kiini chake. Geuza behewa: kuna nafasi baina ya mihimili ya chini. Chukua chubwi za risasi za wavuvi, zigonge kwa nyundo mpaka ziwe bapa la milimita moja na nusu. Bapa la upana wa milimita 20 na urefu wa milimita 118 lina gramu 40. Ligawe vipande viwili, kila kimoja karibu na magurudumu yake, uzito usirundikane katikati.

Risasi ni sumu, nisikilize hapa. Igongee nje, juu ya gazeti la kutupa, si juu ya ubao wa jikoni. Watoto wasiwepo. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote, na ukimaliza kuibandika ipake rangi iwe imefunikwa. Na usiibandike kwa gundi nyeupe. Gundi hiyo hutoa asidi ile ile iliyomo kwenye siki, nayo pamoja na unyevu wa hewa yetu huigeuza risasi kuwa unga mweupe unaofura, mpaka sakafu ya behewa inapasuka. Mimi ilinipata. Niliifungua sanduku baada ya masika mbili nikakuta behewa limefumuka tumboni, na kazi ya mwezi mzima imekwenda. Tumia epoksi ya vijaluba viwili. Nati na washa za chuma watu huzipendekeza badala ya risasi. Hapa kwetu zinaota kutu, na ikiwa ndoano zako za kuunganishia zinafunguliwa kwa sumaku iliyo chini ya reli, chuma kitavutwa nayo behewa lirukeruke kila likipita.

Kabla hujaondoka hapo chini, tazama skrubu za vile vigari viwili vya magurudumu. Kimoja kikaze mpaka kizunguke kushoto na kulia tu bila kuyumba. Cha pili kilegeze kidogo kiweze pia kuyumba. Behewa litakaa kama kigoda cha miguu mitatu, ambacho hakitikisiki hata sakafu ikiwa na vilima. Nimeona mabehewa mengi yakilaumiwa uzito kumbe kosa ni skrubu mbili zilizokazwa sawasawa.

Karafuu sasa. Punje ya karafuu kwa kipimo cha 1:87 haifiki hata robo milimita, kwa hiyo karafuu haionekani. Kinachoonekana ni gunia. Gunia la urefu wa mita moja ni milimita 11 na nusu, upana milimita saba. Yafinyange kwa udongo wa epoksi unaouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Unga wa ngano na chumvi usiufikirie, utaota ukungu na kualika sisimizi. Viringisha kitonge, kibonyeze kati ya vipande viwili vya melimeli ili alama za ufumaji zibaki, kisha bana pembe mbili za juu upate masikio ya gunia. Kabla hayajakauka yapange, moja juu ya jingine, safu ya pili ikikingama juu ya ya kwanza kama matofali. Ni lazima uyapange mabichi, kwa sababu gunia lililojaa hulalia lililo chini yake na kuchukua umbo lake. Magunia yaliyokaushwa kwanza kisha yakabandikwa yanaonekana kama mikate. Yakiisha kauka yapake rangi ya juti, na kwenye mikunjo pitisha kahawa nyepesi.

Lakini hakuna mtu mwenye akili atakayepeleka karafuu juu ya behewa la wazi bila turubai. Huo ni unafuu kwako pia: utahitaji magunia ya pembeni tu, katikati weka kibao. Tenganisha karatasi laini ya kupangusia, ile yenye ngozi mbili au tatu, uchukue ngozi moja. Ilaze juu ya magunia, ilowanishe kwa brashi na gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji, iache ishuke yenyewe ikamate mabonde baina ya magunia. Pembeni ikunje kama unavyofunga zawadi. Ikikauka ipake kijani iliyopauka au rangi ya vumbi, na mgongoni ipauke zaidi, kwani ndiko jua linakopiga. Acha upande mmoja turubai ipande kidogo gunia mbili tatu zionekane. Pasipo hivyo nani atajua ni karafuu?

Kamba ya turubai isokotwe kwa nyuzi mbili za cherehani za rangi ya makumbi. Uzi mkavu una manyoya, na manyoya yale kwa kipimo cha HO ni kamba iliyoota ndevu. Upitishe kwenye nta mara mbili tatu uukaze kwa vidole, manyoya yatalala. Vuta kamba kutoka vimifuko vya upande mmoja kwenda upande wa pili kwa kukatiza, na pale inapopita juu ya turubai ibonyeze iingie ndani kidogo. Kamba inayoelea juu ya mzigo bila kuubana ni uongo unaoonekana kwa mbali.

Mizigo mingine nitaipitia haraka. Mbao za kupasua utazipata kwenye vijiti vya aiskrimu. Mawe ya matumbawe yanataka mbao za ubavuni, usiyarundike juu ya behewa tupu. Magari madogo ya watoto yapime kwanza: mengi yake ni 1:64, na gari la mita nne na nusu linakuja milimita 70 wakati kwa HO linatakiwa liwe 52. Ukipata lililo sawa, weka kabari mbele na nyuma ya kila gurudumu na minyororo minne ya pembeni. Mnyororo mwembamba waulize masonara, wanavyo vipande vya mikufu iliyokatika.

Umesema unataka iwe treni ya Pemba. Ni haki yako, reli ya kubuni ina ruhusa ya kwenda popote. Ujue tu kwamba reli yako ina upana wa milimita 16.5, na ukizidisha mara 87 unapata 1,435, upana ule ule wa reli mpya ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Ile reli iliyojengwa Unguja mwanzoni mwa karne ya ishirini na kampuni ya Kimarekani kutoka mjini, Ngome Kongwe, hadi Bububu ilikuwa nyembamba, futi tatu, yaani milimita 914. Ikiwa siku moja utataka kuiunda hiyo juu ya reli hizi hizi ulizonazo, kipimo chako kitakuwa 1:55, na boriti zitataka vijiti vya mishikaki badala ya chelewa. Mimi ninayo ndoto hiyo, na behewa moja la mawe limekwisha kaa mezani kwangu.

Kabla hujapitisha mzigo wowote kwenye pango au chini ya daraja, kata geti la kadibodi. Mpaka wa kawaida wa behewa la mizigo la Marekani, wanaouita Plate B, ni upana wa futi 10 na inchi 8, na kimo cha futi 15 na inchi 1 kutoka juu ya reli. Kwa HO ni milimita 37 kwa 53. Lisukume behewa kwa mkono lipite ndani ya geti, halafu lipitishe kwenye kona iliyo kali kuliko zote ulizonazo ukitazama katikati ya behewa upande wa ndani na ncha zake upande wa nje. Vigingi ndivyo vinavyogusa mwanzo.

Na kuhusu kugandisha: usigandishe. Vibandike vibao vya kulalia, boriti, vigingi na waya kwenye mzigo wenyewe, viwe kitu kimoja kinachonyanyuka. Chini ya vigingi acha milimita mbili zinazoingia kwenye vimifuko, hizo ndizo zitakazoushika mzigo bila gundi. Ubao wa kabari za mwanzo na mwisho uache sakafuni daima. Behewa tupu lenye ubao wa kabari na kipande cha waya kilichosahauliwa linaonyesha kwamba limetoka kushusha. Sakafu yenyewe ikwaruze kwa msumeno wa chuma ukiuburura kufuata mbao zilivyolala, uipake kijivu cha mbao za dau lililosahauliwa pwani, kisha chokora kwa sindano pale kabari zilipokuwa zikipigiliwa safari zilizopita.

Tengeneza tita moja kwanza, siyo manne. Lipige picha karibu, kimo cha macho, mwanga ukitoka ubavuni, unitumie. Nitataka kuona ule waya ulivyosokotwa.